Oili ya injini ya trekta: yenye jina la kampuni ya trekta au nyingine? Mwongozo kamili kwa wenye trekta Tanga

Kila masika yanapokaribia, trekta zikianza kutolewa chini ya miembe huku Muheza, Korogwe na Handeni, swali linalorudi ni lilelile: nikatafute kwa wakala oili yenye jina la trekta yangu, au nichukue nyingine iliyopo hapa mjini? Kwenye vijiwe vya mafundi utapata majibu mawili. La kwanza linasema ukitia oili isiyo na jina la trekta umeshaua injini. La pili linasema oili ni oili, mradi iteleze. Nimeona watu wakiumizwa na yote mawili. Mwenye kuamini la kwanza anakosa fedha ya oili ile ghali, anaahirisha sevisi, na oili iliyomo ndani inageuka lami. Mwenye kuamini la pili anatia chochote anachokikuta dukani.

Nina trekta mbili za kukodisha, Massey Ferguson 240 na 290. Zinalima mashamba ya mahindi kuanzia Muheza hadi Mkata, na msimu wa kulima ukipita zinavuta matela ya mkonge kwenda korona, yaani mtambo wa kuchakata mkonge. Injini moja niliipoteza kwa oili. Ninachoandika hapa ni utaratibu ninaoufuata tangu siku ile. Kwa kifupi: kitabu cha trekta ndicho kinachochagua oili, nacho huchagua kwa namba na herufi. Baada ya kitabu anafuata muuzaji unayemwamini. Jina lililoandikwa kwenye dumu linakuja la tatu.

Kwanza ujue nani anaitengeneza hiyo "ya kampuni"

Kampuni za trekta hazina visima wala viwanda vya kusafisha mafuta. John Deere wana oili yao iitwayo Plus-50 II, New Holland wana Ambra, na wengine vivyo hivyo. Kampuni ya trekta huandika masharti ya oili inayoitaka, kisha kampuni ya vilainishi huichanganya na kuitia kwenye dumu lenye rangi za trekta. Ambra, kwa mfano, imechanganywa na Petronas kwa miaka mingi.

Ndani ya dumu, sehemu kubwa ni mafuta ya msingi, pengine sehemu nane kati ya kumi au zaidi. Zinazobaki ni dawa: ya kusafisha masizi, ya kuua asidi, ya kuzuia chuma kisisagane na chuma, ya kuzuia povu, na ya kuifanya oili isiwe nyepesi mno inapochemka. Dawa hizo duniani kote zinatoka hasa kwa kampuni nne: Lubrizol, Infineum, Afton na Oronite. Kwa hiyo madumu mawili yenye majina tofauti yanaweza kuwa na dawa iliyotoka kiwanda kimoja.

Usiharakishe kusema basi zote ni sawa. Kampuni ya trekta inaweza kuwa na majaribio yake yanayozidi yale ya kawaida, na oili yenye jina lake imepita hayo. Unapoilipia zaidi unalipia uhakika kwamba imefanana na injini yako bila wewe kusoma herufi hata moja. Ukiwa tayari kusoma herufi, mlango wa pili unafunguka. Hatua zinazofuata ni za kukufundisha kuzisoma.

Hatua ya 1: tafuta kitabu, uandike mambo matano

Trekta nyingi huku zimepita mikono mitatu au minne na kitabu kimeshapotea. Usikate tamaa. Tazama kibati kilichopigiliwa kwenye injini au namba zilizogongwa kwenye chuma chake, upate aina ya injini. MF 240 kwa kawaida ina Perkins ya silinda tatu, 3.152, MF 290 ina ya silinda nne, 4.248. Namba ya mbele ni idadi ya silinda, zinazofuata ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Ukishakuwa na namba hiyo, kitabu cha injini kinapatikana kwa wakala au kwenye intaneti, hata kama cha trekta hakipo.

Andika mambo haya kwenye daftari, na ukiweza yaandike kwa rangi upande wa ndani wa madigadi ili dereva naye ayaone:

- uzito wa oili (SAE)
- daraja la oili (API)
- namba ya masharti ya kampuni, kama ipo
- lita ngapi pamoja na filta
- baada ya saa ngapi oili inabadilishwa

Asiye na mambo haya matano asiende dukani. Atarudi na kile ambacho muuzaji alitaka kukiuza.

Hatua ya 2: uzito

SAE ni chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, nacho ndicho kilichoweka vipimo vya uzito. Ukiona 15W-40, namba ya kwanza yenye W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, na ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa imechemka, kwenye nyuzi 100. Oili ya 15W lazima isukumike na pampu hata kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Baridi hiyo hatuijui. Hata Lushoto mwezi wa Julai, ambako watu wanaota moto asubuhi, 15W haina taabu yoyote. Kwa hiyo mtu akikushawishi ulipe zaidi kwa sababu oili yake ni 5W, ujue unalipia baridi ya nchi nyingine, isipokuwa kitabu chako kimeitaja hiyo.

Namba inayotuhusu sisi wa pwani ni ya pili. Trekta inayovuta plau mchana wa Februari kwenye udongo mgumu wa Handeni inafanya kazi ya moto kweli. Kwa injini nyingi za dizeli zilizopo mkoani, 15W-40 ndiyo jibu, na bahati nzuri ndiyo inayopatikana kila mahali.

Kuna mazoea mawili ya kuangalia. La kwanza ni oili ya namba moja tu, ile watu wanayoiita namba 40. Ni nzito mno asubuhi injini ikiwa baridi, inachelewa kufika juu kwenye vali, na madumu mengi ya aina hiyo yana daraja la chini. Vitabu vya zamani vinaikubali, lakini kama 15W-40 ipo jirani sioni sababu ya kuing'ang'ania. La pili ni 20W-50. Imependwa sana kwa sababu ni nzito, na mtu mwenye injini iliyochoka anaona moshi umepungua. Lakini madumu mengi ya 20W-50 ni ya magari ya petroli. Hapo ndipo tunaingia kwenye herufi.

Hatua ya 3: herufi, na hapa usiwe na haraka

Daraja linatolewa na API, taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi S ni ya injini za petroli. Herufi C ni ya dizeli. Inayofuata baada ya C inapanda kwa alfabeti kadiri miaka inavyokwenda: CD ni ya miaka ya 1950, CF-4 ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, CJ-4 ya 2006, na CK-4 ilianza Desemba 2016. API wameshaziweka kando CG-4 na zote zilizoitangulia. Zinazotambuliwa leo ni kuanzia CH-4 kwenda juu. Madumu ya CD na CF bado yanauzwa huku. Kuuzwa hakumaanishi yanafaa.

Soma mpangilio wa herufi. Dumu lililoandikwa CI-4/SL limeundwa kwa dizeli kwanza, na linakubalika kwenye petroli. Dumu lililoandikwa SL/CF ni la petroli, likiwa na uwezo mdogo wa dizeli uliopitwa na wakati. Kwenye rafu yanakaa bega kwa bega, na la pili mara nyingi ni rahisi. Injini ya dizeli inatengeneza masizi mengi na asidi nyingi kuliko ya petroli, na oili ya petroli haina dawa ya kutosha kuyabeba. Masizi yanatua, njia za oili zinaziba, ringi zinaganda, halafu unaambiwa trekta "imekula oili".

Je, daraja jipya linaweza kuingia kwenye injini ya zamani? Kwa kawaida ndiyo: CI-4 inaingia palipotakiwa CF-4 au CH-4, na CK-4 inaingia palipotakiwa CI-4. Tofauti moja usiisahau. Daraja la FA-4, lililotoka pamoja na CK-4, ni jepesi zaidi na limetengenezwa kwa injini za kisasa zilizolitaja kwa jina. Halirudi nyuma. Ukiliona kwenye dumu, liache.

Kwa trekta ya zamani isiyo na mitambo ya kusafisha moshi, mimi nachagua CI-4 hata pale CK-4 ilipo. Sababu ni salfa. CI-4 iliundwa kuvumilia dizeli yenye salfa hadi asilimia 0.5. CJ-4 na CK-4 mwisho wake ni asilimia 0.05, na hata chini ya hapo, ikiwa dizeli si safi sana, muda wa kubadilisha oili unaweza kufupishwa. Dizeli ya kwenye pampu ya mjini haina neno. Ile inayouzwa kwa madumu kando ya barabara huko shamba siwezi kuiapia, na msimu ukikolea kuna siku hakuna nyingine.

Trekta mpya yenye chujio la masizi kwenye eksozi ni habari tofauti kabisa. Hiyo inataka oili yenye majivu kidogo, yale yanayobaki oili ikiungua, CJ-4 au CK-4, au ile iliyotajwa na kampuni. CI-4 ina majivu mengi, yatakayoliziba chujio hilo, nalo ni kifaa cha bei kubwa.

Hatua ya 4: usichanganye oili ya injini na oili ya trekta

Hili ni fupi lakini limeshaleta hasara. Kuna madumu yameandikwa "tractor oil" kwa herufi kubwa na picha ya trekta. Ndani yake kuna aina mbili. Moja huitwa UTTO: ni ya gia boksi, haidroliki na breki zilizozama kwenye oili, na haiingii kwenye injini hata kidogo. Nyingine ni STOU, inayoruhusiwa kote, injini na gia boksi pia. Tafuta herufi hizo kwenye maandishi madogo. Na kinyume chake, oili ya injini haifai kwenye gia boksi yenye breki za ndani mpaka kitabu kiseme. Breki zitapiga kelele na kushika vibaya.

Hatua ya 5: lini inafaa kulipia jina la kampuni

Mimi kwa trekta zangu za zamani nanunua 15W-40 CI-4 ya kampuni za vilainishi zinazojulikana, zile zenye oili za magari makubwa: Rimula ya Shell, Delvac ya Mobil, Rubia ya Total, Delo ya Caltex. Injini hizi za Perkins za zamani hazina siri. Kitabu chao kinataja uzito na daraja, basi.

Lakini zipo hali ambazo ningelipia jina bila kusita.

Ya kwanza ni trekta iliyo ndani ya dhamana. Watu hupenda kutaja sheria ya Marekani ya 1975 inayomkataza mtengenezaji kufunga dhamana kwenye bidhaa ya jina moja, isipokuwa aitoe bure. Sheria hiyo ni ya Marekani. Hapa kwetu soma karatasi yako ya dhamana neno kwa neno. Ikisema oili "inayokidhi" masharti fulani, una uhuru wa kutafuta nyingine yenye masharti hayo. Ikisema lazima iwe yao, tii mpaka dhamana iishe. Injini nzima haifai kuwekwa rehani kwa tofauti ya bei ya dumu moja. Kwa vyovyote tunza risiti zote, na kama umemuuliza wakala swali, muombe ajibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Ya pili ni injini ya kisasa, yenye turbo, mfumo wa dizeli wa kompyuta na mitambo ya kusafisha moshi. Hapo namba ya masharti ya kampuni ina uzito kuliko herufi za API. Oili nyingine inafaa endapo tu namba hiyo imeandikwa kwenye dumu lake. Angalia na maneno: "imeidhinishwa" ina maana kampuni ya trekta imeipima na kuikubali, "inafaa kwa" ni maneno ya muuza oili peke yake.

Ya tatu ni muda mrefu wa kubadilisha. John Deere wanaruhusu hadi saa 500 kwa Plus-50 II kwenye baadhi ya injini zao, kwa sharti la filta yao na mazingira mazuri. Ruhusa hiyo ni ya oili hiyo na injini hizo. Usiihamishie kwenye dumu jingine.

Ya nne ni injini mpya au iliyotoka oveholi. Kampuni nyingine zina oili maalumu ya saa za mwanzo, isiyo laini sana, ili ringi zikae vizuri kwenye silinda. Kama kitabu chako kinaitaka, itafute. Na oili ya mwanzo hiyo hubadilishwa mapema, mara nyingi kwenye saa 50 au 100.

Hatua ya 6: piga hesabu kwa saa

Bei ya dumu inadanganya. Nachukua namba za kufanyia hesabu tu. Weka za kwako. Tuseme oili nzuri ya kawaida ni shilingi 11,000 kwa lita na yenye jina la trekta ni 17,000. Injini inachukua lita 8, filta ni shilingi 30,000, unabadilisha kila saa 250.

Oili ya kawaida: 88,000 na filta 30,000 ni 118,000. Gawa kwa saa 250, unapata shilingi 472 kwa saa. Yenye jina: 136,000 na 30,000 ni 166,000, sawa na shilingi 664 kwa saa. Tofauti ni shilingi 192 kwa saa. Sasa trekta inayolima ikinywa lita 6 kwa saa na dizeli tuseme ni 3,000, unachoma shilingi 18,000 kila saa. Tofauti ya oili ni kama asilimia moja ya dizeli.

Ndiyo maana nasema bei isikutishe, wala isikuvute. Kama njia pekee ya kupata oili halali ni kuinunua ghali kwa wakala, inunue, kwani ni shilingi mia mbili kwa saa. Oveholi ya injini ni mamilioni, pamoja na wateja waliokwenda kwa mwingine mvua zikiwa zinanyesha.

Hatua ya 7: mchague muuzaji

Hapa ndipo nilipoumia. Masika moja nililazimika kufanya sevisi katikati ya kazi. Oili yangu ya kawaida ilikuwa imekwisha, nikanunua ndoo kwenye duka nisilolijua, jina kubwa, rangi sawasawa, bei nafuu kidogo. "Kaka, hii ndiyo wanayochukua wote," aliniambia kijana wa dukani, nami nilikuwa na haraka. Saa arobaini baadaye geji ya presha ilianza kushuka kila injini ikichemka. Dereva aliniambia, nikamwambia amalize ekari zile. Injini ilijifunga jioni yake. Fundi alipofungua, beringi zilikuwa zimechunika hadi shaba, na oili iliyokuwemo ilimwagika kama maji. Ile ndoo ilikuwa halisi, kilichokuwemo hakikuwa. Kosa la kumwambia dereva amalize ni langu, na linaniuma mpaka leo.

Tangu hapo nina duka moja tu Tanga mjini, na nanunua kabla ya msimu. Haya ndiyo ninayoyakagua:

Mfuniko uwe na pete isiyokatika mpaka ufunguliwe, na chini yake karatasi ya fedha iliyobanwa sawasawa. Namba ya toleo na tarehe viwe vimechapwa kwenye dumu lenyewe, na kama kuna namba pia kwenye mfuniko au katoni, zilingane. Maandishi yawe makali. Chapa iliyofifia au tahajia mbovu ni ishara. Tazama kama kuna mikwaruzo kwenye mdomo wa ndoo, maana ndoo iliyojazwa upya huwa imeshawahi kufunguliwa kwa bisibisi. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Tafuta pia duara la API, lenye daraja juu na uzito katikati, na kama una simu yenye intaneti, API wana orodha ya oili zilizopewa leseni. Oili nzuri zisizo na duara hilo zipo pia, ila lenye leseni linakupunguzia mashaka. Ukinunua, omba risiti inayotaja jina, uzito na daraja, si "oili lita 20" tu.

Oili ya kupima kwa kikombe kutoka pipa lililofunguliwa siinunui. Ukikuta feki, peleka taarifa Tume ya Ushindani au TBS pamoja na chombo na risiti. Na ndoo zako tupu zitoboe. Ndoo nzima inayouzwa kwa mnunua vyombo ndiyo inayorudi dukani ikiwa na kitu kingine.

Hatua ya 8: kubadilisha

Chemsha injini kwa kuifanyisha kazi kidogo, halafu uizime mahali tambarare. Oili ya moto inashuka na uchafu wake. Fungua nati ya chini, acha itiririke mpaka iwe matone, angalia kama nati imebeba vipande vya chuma. Unga laini mweusi ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa na kushikika kidoleni si vya kawaida.

Filta badilisha kila mara. Oili ya bei kubwa inayopita kwenye filta iliyoziba haina faida, maana vali ya dharura inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Paka oili kwenye mpira wa filta mpya, ikaze kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha kama robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana kuikaza. Jaza oili hadi alama ya juu ya dipstiki, isizidi. Vuta kizimio, piga stata injini bila kuwaka mpaka presha ionekane, ndipo uwashe. Ngoja dakika chache, zima, pima tena, angalia mvujo.

Kama unatoka kwenye oili ya daraja la chini kwenda CI-4 kwa mara ya kwanza, oili mpya itaanza kuosha uchafu wa miaka. Itakuwa nyeusi haraka. Hiyo ni kazi yake. Mara hii ya kwanza badilisha mapema, baada ya saa 50 pamoja na filta, kisha urudi kwenye muda wa kawaida. Kuongezea kidogo oili ya jina jingine lenye uzito na daraja sawa haileti madhara ukiwa shambani, lakini usifanye mchanganyiko uwe desturi.

Wenye Ford 5000 zenye pampu ya Simms wakumbuke kuwa pampu ile ina oili yake yenyewe. Wengi huisahau kabisa.

Hatua ya 9: ifuatilie

Mita ya saa ikiwa imekufa, hesabu kwa dizeli. Kama trekta inakunywa wastani wa lita 5 kwa saa, lita 1,250 ni kama saa 250. Kwa vumbi jekundu la Mkata mimi sisubiri hata hizo. Nabadilisha kwenye 200.

Kila asubuhi dereva achomoe dipstiki kabla ya kuwasha. Oili ikiwa imepanda bila kuongezwa, inuse. Harufu ya dizeli kwenye Perkins hizi za zamani mara nyingi hutoka kwenye pampu ndogo ya kuvuta dizeli, mpira wake ukitoboka. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia; usiwashe, ita fundi. Kwa mashaka, dondosha tone kwenye bati la moto: likichachatika lina maji. Na tone jingine lidondoshe kwenye karatasi nyeupe uliache usiku kucha. Duara likisambaa na kufifia taratibu kuelekea nje, oili bado inabeba masizi. Likibaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, imechoka, hata kama saa hazijafika.

Usisahau filta ya hewa. Zile zenye bakuli la oili zinakamata vumbi kwa oili hiyo, na wakati wa kiangazi bakuli linasafishwa kila siku. Tia oili safi ya injini hadi alama, isizidi. Vumbi likipita hapo, hakuna oili ya jina lolote itakayoziokoa ringi.

Pipa ulilonunua lilaze ubavu chini ya paa, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, chini ya kimo cha oili. Likisimama nje, maji ya mvua hukaa juu; mchana pipa linapanuka kwa joto, usiku linapoa na kuvuta maji yale ndani kupitia kifuniko. Hewa ya pwani yetu haina huruma.

Oili chafu usiimwage mtaroni wala karibu na kisima, usiipake kwenye kidonda cha mnyama, na ikikugusa nawa kwa sabuni, maana ikizoeana na ngozi kwa miaka inaweza kuleta saratani. Mimi naipaka kiasi kwenye sahani za plau ili zisipate kutu na kwenye mkia wa nguzo ili mchwa wasizile. Inayobaki naikusanya kwenye pipa na kuwapa wakusanyaji wa oili chafu mjini.

Mstari wa mwisho kwenye daftari langu wa MF 290 unasomeka hivi: tarehe, saa za mita, lita 8, 15W-40 CI-4, namba ya toleo la ndoo, filta mpya, nati haina vipande, risiti imebandikwa ukurasa wa nyuma. Ndoo imetobolewa.